Swali Aliloliacha Msafiri kwa Fundi Tunu

Fundi Tunu Idrisa alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja ule unaokwisha mtu akioga na kulala, bali uchovu wa miaka, ulioingia mgongoni ukakaa humo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, cherehani mbili, moja nzima na nyingine ya kunyofolewa vipuri, na mama wa miaka themanini na minne aliyemwuliza swali moja kila siku alasiri, jua likianza kuegemea upande wa Urambo.

"Issa hajarudi?"

"Bado, mama. Yuko Urambo, kwenye tumbaku."

"Akija mwambie asilale bila kula."

"Nitamwambia."

Issa alikuwa mdogo wake Tunu, wa pekee. Ni kweli alifanya kazi Urambo, karani kwenye kituo cha kununulia tumbaku, na ni kweli kwamba kila Ijumaa alirudi nyumbani Tabora, mtaa wa Ng'ambo, kwa pikipiki. Ila Ijumaa moja, miaka tisa iliyopita, pikipiki ilikutana na lori, na Issa aliletwa nyumbani akiwa amefunikwa shuka. Alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Bi Maua, mama yao, alimlilia mwanawe kama mama yeyote, na wakati huo akili yake ilikuwa kali kiasi kwamba mpaka arobaini inaisha aliweza kukutajia nani wa mtaa alikuja kutoa pole na nani alijifanya hakusikia. Mambo yalianza kumtoka miaka mitatu hii tu. Kwanza yalimtoka majina ya majirani, kisha njia ya kwenda sokoni, na siku moja, bila kuaga, kikamtoka kifo cha Issa.

Siku ile ya kwanza alipouliza, Tunu alikuwa ameinama anapepeta mchele. Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Akangoja mama ashtuke, akumbuke, amkaripie. Bi Maua akasema tu asilale bila kula, akarudi kwenye ukili wake aliokuwa akiusuka na kuufumua. Basi kesho yake Tunu akajibu hivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka uongo ukawa moja ya kazi za nyumbani, kama kuteka maji.

Sasa, huyu Tunu aliyekuwa akidanganya kila alasiri ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa watu waliokutana kila Alhamisi kuzungumzia ukweli na uongo, haki na dhuluma. Msicheke. Wangapi kati yetu wanakalia viti wanavyovistahili?

Watu hao hawakuwa na cheti wala katiba. Walikutana barazani pa duka lake la ushonaji karibu na soko, na walianza kwa sababu ya ubaya wa mafundi cherehani, ambao unajulikana. Miaka kumi na mmoja nyuma, mwalimu Modest alikuja kuchukua suruali yake mara ya nne akaambiwa tena aje kesho. Badala ya kugomba, akakaa kwenye benchi akauliza kwa upole kama fundi anaposema "kesho", ilhali anajua kesho haitakuwa tayari, huwa amesema uongo au ametumia adabu. Magreth, muuza vitumbua wa hapo nje, akadakia kwamba ni uongo mtupu. Kashindye, aliyekuwa akingoja shati, akasema hapana, ni adabu, maana mteja naye anajua. Wakabishana mpaka Tunu akaimaliza ile suruali, wakaendelea nayo ikiwa imekunjwa mapajani mwa mwenyewe. Alhamisi iliyofuata wakarudi bila nguo ya kushona.

Modest alikuwa amekaa seminari ya Kipalapala miaka minne kabla hajagundua kwamba alipenda mazungumzo ya upadri kuliko upadri wenyewe. Sasa alifundisha uraia sekondari, na alikuwa mtu wa maneno marefu. Magreth hakuwa na subira na maneno marefu. Kashindye, mkulima wa Ntalikwa mwenye asili ya Nzega, alikuja kwa baiskeli, akawasalimu wote kwa Kinyamwezi, "Mwadila", akakaa, na aghalabu akanyamaza saa nzima kabla ya kusema sentensi moja. Wengine walikuja na kuondoka, lakini hawa watatu walikuwa nguzo.

Desturi yao kubwa aliianzisha Tunu mwenyewe. Babu wa babu yake alifika Tabora na misafara ya pembe kutoka pwani, akasema miguu inamuuma, atapumzika kidogo. Ukoo mzima bado unapumzika. Marehemu Mzee Idrisa, baba yake Tunu, fundi wa kanzu, alikuwa akimsimulia kwamba zama zile msafiri aliweza kukaa kwenye baraza la mtu asiyemjua, akamwaga yote ya moyoni mwake, kwa kuwa alfajiri angeshika njia ya Ujiji na asingeonekana tena. Tunu akalichukua hilo akalifanya sheria. Mwenye swali hasemi "mimi". Anasema, "Kuna msafiri kapita, kaniachia swali." Hakuna ruhusa kuuliza msafiri kalala wapi wala anaelekea wapi. Aliyeleta swali anaweza kumbadilisha msafiri nguo, mke akawa mume, mbuzi akawa shamba, ili asitambulike. Na aliyeleta swali hachangii, kwa sababu mjumbe hana sauti. Mwisho Tunu anasema, "Haya, nitamfikishia," na kila mtu anakwenda zake.

Wasafiri wengi walipita kwa miaka hiyo. Mmoja alitaka kujua kama mama kumpenda mtoto mmoja zaidi ni dhambi au ni maumbile. Mwingine aliurina mzinga msituni akidhani ni wake, akagundua asali yote imeshaliwa kwamba ulikuwa wa marehemu jirani. Tabora ni mji, lakini si mji mkubwa kiasi hicho, na mara nyingi kila aliyekuwepo alimjua msafiri vizuri sana, mpaka na rangi ya mlango wake. Walijifanya hawajui. Jibu nalo walilikata kwa vipimo vya mtu wanayemjua, huku macho yote yakitazama pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao, na kwa miaka kumi na mmoja haikumdhuru mtu.

Tunu hakuwahi kuleta swali. Alidhani mwenyekiti hapaswi, au labda alikuwa amechoka mno kuwa na swali. Mumewe, Twalibu, mtu wa reli, alihamishiwa Kigoma zamani akaoa huko, akamwachia talaka na cherehani, na cherehani ndiyo iliyomfaa. Issa alipokufa akamwachia binti, Shamila, wakati huo ana miaka kumi na miwili. Tunu alimlea kwa sare za shule alizozishona kwa mkono wake, na sasa Shamila alikuwa chuo cha ualimu hapo hapo mjini, mrefu, mkimya, na macho ya baba yake.

Shamila ndiye aliyelifungua jambo. Jumanne moja Bi Maua aliuliza, Tunu akajibu, Bi Maua akasema asilale bila kula. Shamila alikuwa anafua uani. Akaacha nguo ndani ya beseni, akamfuata shangazi yake jikoni, akasimama mlangoni huku mikono ikimtiririka povu.

"Shangazi, kila siku saa kumi unamfufua baba," akasema. "Kisha mimi naingia chumbani namzika tena. Nimechoka kuzika."

Hakupandisha sauti. Akaongeza kwamba amesikia kuna kitanda bweni la chuo, na kwamba mwezi ukiisha atahamia huko, si kwa ubaya. Tunu alikuwa amehesabu uongo ule kama mzigo wake peke yake, na kumbe muda wote huo alikuwa amembebesha mtoto wa watu upande mzito. Usiku hakupata usingizi. Akimwambia mama ukweli atamvunja moyo. Akiendelea kudanganya atampoteza Shamila, na Shamila ndiye kitu pekee cha Issa kilichobaki duniani.

Basi Alhamisi ile, wenzake walipokwisha kukaa, Tunu alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Kuna msafiri kapita, kaniachia swali."

Wakashtuka kidogo. Fundi hajawahi kuleta msafiri. Na hapo ndipo alipokosea, tena kwa ustadi wake mwenyewe. Aliogopa kwamba akitamka "mtoto amekufa" sauti itamsaliti, kwa hiyo alimvisha msafiri nguo nzito kuliko ilivyohitajika. Mama akawa baba. Binti akawa mwana wa kiume. Na Issa, Mungu amsamehe, akawa mali. Akasema kuna mtu mmoja ana baba mzee sana. Mzee alikuwa na mali aliyoipenda kuliko kitu chochote, na mali ile imepotea, hairudi. Kila mara mzee anauliza habari zake, na kila mara mwanawe anamjibu kwamba ipo salama. Je, anamheshimu baba yake au anamdhulumu?

Kila mmoja alikuwa akijitahidi asimtazame Kashindye.

Kwa maana baba yake Kashindye, kule Nzega, alikuwa mzee wa ng'ombe. Ng'ombe walikwisha kwa ukame wa mwaka juzi, wote, na Kashindye hakuthubutu kumwambia mzee, aliyekuwa halioni tena zizi kwa macho. Kila alipokwenda kumsalimu, mzee aliuliza mmoja mmoja kwa jina, na Kashindye alimsimulia huyu kazaa, yule kanenepa. Siri hiyo alikuwa amemwambia Magreth, na kumwambia Magreth ni sawa na kutangaza kwa kipaza sauti. Kwa hiyo wote wakajua, au walidhani wanajua, kwamba Tunu amemhurumia Kashindye na kumletea swali lake kwa mlango wa nyuma.

Wakalijibu kwa upendo mkubwa, na lilikuwa jibu zuri sana kwa Kashindye. Modest alizungumza robo saa, akasema mzee anayefichwa ukweli amefanywa mtoto, na kwamba kumtunza mtu ni pamoja na kumwachia maumivu yake mwenyewe ayabebe. Magreth akasema yeye anamwonea huruma zaidi huyo mwana, maana anakonda, na anayedanganya kila siku hula sumu kidogo kidogo. "Halafu mali ni mali tu," akasema. "Mtu analia, kisha anapangusa uso."

Sindano ya Tunu ikasimama. Alitaka kuuliza, na kama si mali? Lakini mjumbe hana sauti, na sheria ile aliitunga mwenyewe. Akakanyaga tena cherehani.

Kashindye alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake. Mwishoni kabisa akasema, "Mwambieni huyo msafiri aseme. Mchana, kwa utulivu, mara moja. Mzee atalia siku moja, kisha atanyamaza."

"Haya," Tunu akasema. "Nitamfikishia."

Alifikisha kesho yake, Ijumaa, saa kumi. Alimwomba Shamila awepo. Bi Maua alikuwa kwenye mkeka wake, ukili mkononi. Akauliza kama Issa hajarudi. Tunu alikaa chini mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwamba Issa hatarudi, kwamba alikufa, na kwamba walimzika vizuri.

Bi Maua akauliza, "Lini?"

"Miaka tisa, mama."

"Miaka tisa," Bi Maua akasema. "Miaka tisa mwanangu yuko kaburini, na mimi nakula?"

Akachomoa mikono yake. Akajifunika kanga kichwani, akalia kilio ambacho Tunu alikuwa amekisikia mara moja tu maishani, miaka tisa iliyopita, na hakikuwa kimepungua hata kidogo. Shamila alilia naye. Tunu alijiambia, siku moja, kisha atanyamaza.

Magharibi ilipofika Bi Maua alikuwa ameshasahau aliloambiwa. Lakini huzuni haikuondoka na habari yake. Habari ilitoka, huzuni ikabaki imekaa pale pale, haina jina. Asubuhi alikataa uji. Alikuwa bado amejifunika, amekaa sakafuni, hataki kitanda.

"Katika nyumba hii pana msiba," akamwambia Tunu. "Nani kafa?"

Tunu, kwa kuwa alikuwa ameamua kusema kweli, akasema kweli. Na Bi Maua akafiwa upya, pale pale, tangu mwanzo. Jioni akauliza tena, akafiwa tena. Jumapili Tunu alipofungua kinywa mara ya nne, Shamila alimshika bega akasema kwa sauti ya kukatika, "Basi, shangazi. Basi." Lakini kunyamaza nako hakukusaidia. Bi Maua alijua kuna mtu kafa, na walio karibu naye wanamficha. Jumatatu na Jumanne alikunywa maji na vijiko vitatu vya uji. Jumatano hata vijiko vile vilirudi. Mifupa ya mabega ilianza kuonekana chini ya kanga, na daktari wa zahanati alisema hana homa wala nini, ni mzee tu, mbembelezeni ale.

Lililomuuma zaidi si kifo. Alikuwa akitazama mlango. Asubuhi ya Alhamisi alimvuta Tunu karibu akamnong'oneza kama mtu anayeona aibu, "Na mbona watu hawaji? Tuna msiba siku zote hizi, na hakuna hata mmoja aliyekuja kutoa pole. Tumewakosea nini watu wa mtaa huu?"

Tunu alitembea mpaka dukani akiwa hajui kama amefunga mlango. Watatu wale walikuwa wamekwisha kukaa, wanamngoja, na Kashindye alikuwa amechangamka kuliko kawaida yake. Tunu hakuketi kwenye cherehani. Alikaa benchi la wateja, akaweka mkoba mapajani.

"Msafiri wa wiki iliyopita ni mimi," akasema. "Na mali ile ni Issa."

Kisha akawaeleza yote, kwa sauti bapa ya mtu asiye na nguvu ya kulia. Magreth alifunika mdomo. Modest alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Walikuwa wamevunjiwa desturi yao mbele ya macho yao, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitetea.

Kashindye ndiye aliyesema wa kwanza. "Mlidhani ni mimi," akasema. "Hata mimi nilidhani ni mimi. Jumapili nilikwenda Nzega nikamwambia baba. Alicheka. Alijua tangu ng'ombe wa kwanza kufa, wachungaji walimwambia. Alikuwa ananiuliza ili anisikie nawataja kwa majina." Akamgeukia Tunu. "Lile jibu lilikuwa langu, dada. Wewe umekunywa dawa ya mtu mwingine."

Modest akakohoa. Akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba sasa, kwa kuwa swali limevuliwa nguo, inafaa walirudie kama lilivyo, maana kuna tofauti kati ya kumficha mtu habari na kumpa habari asiyoweza kuihifadhi, na kwamba...

"Mwalimu, nyamaza," Magreth akasema. Alikuwa amesimama, anafungua aproni. "Mama wa watu yuko msibani siku ya saba, hakuna aliyekwenda kumpa pole, na sisi tumekaa hapa tunamjadili."

Akaingia dukani bila kuomba ruhusa, akatoka na mkeka mkubwa ambao Tunu alikatia vitambaa juu yake. Akamkabidhi Modest. Kashindye alikuwa ameshafunga gunia la karanga alilolileta mjini nyuma ya baiskeli, akasema litapikwa hilo. Tunu alitaka kusema kwamba hawana haja, kwamba hajaandaa chochote, kwamba nyumba haijafagiliwa. Hakuwa na pumzi ya kubishana. Akafunga duka, akawafuata.

Mtu mwenye mkeka begani mtaani hasemi anakokwenda, watu wanaelewa. Kabla hawajafika Ng'ambo walikuwa wamefuatwa na wanawake wanne, mmoja na sufuria. Waliuliza nani kafa. Magreth akajibu bila kupunguza mwendo kwamba ni Issa wa marehemu Mzee Idrisa. Mmoja akasema, "Si alikufa zamani?" Magreth akasema ndiyo, na leo wanakwenda kumlilia mama yake. Yule mwanamke alitafakari hatua kama tano. Kisha akasema atapitia nyumbani achukue kuni.

Njiani Modest alimsogelea Tunu akamwuliza kwa kunong'ona kama hili wanalolifanya ni kweli au ni uongo. Tunu akamwambia hajui, na kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hana haja ya kujua. Modest akauhamishia mkeka bega la pili.

Waliingia kama watu wanavyoingia msibani. Viatu mlangoni, wanaume wakabaki nje wakawasha moto, wanawake ndani. Magreth, Mkatoliki wa kuzaliwa, alijitanda kanga, akapiga magoti mbele ya Bi Maua, akasema, "Shikamoo, mama. Pole sana na msiba." Wakafuata wengine mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mkono wake wa pole. Kashindye alikuja mpaka kizingitini, kofia mkononi, akatoa pole ya Kinyamwezi, ndefu, na Bi Maua akaijibu neno kwa neno. Mwalimu wa madrasa ya jirani alipita, akaambiwa, akakaa akasoma Yasini.

Bi Maua alipokea yote hayo kwa heshima ya mwenyeji. Kwa kila mkono aliopewa mgongo wake ulinyooka kidogo. Hakuuliza nani kafa. Palikuwa na watu, na penye watu msiba unakuwa na mahali pake. Akaanza kuuliza kama wageni wamepata maji. Sinia la ugali na mlenda lilipowekwa katikati, wanawake wakasogea, na Bi Maua akanawa, akasogea nao, akala. Alikula tonge la kwanza, la pili, mpaka la saba, Shamila akimhesabia kimoyomoyo karibu yake.

Tunu alikuwa amesimama karibu na mlango na mwiko mkononi. Miaka tisa iliyopita pia alisimama. Yeye ndiye aliyekata bafta ya sanda ya mdogo wake, kwa kuwa alikuwa fundi na mkasi ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeazima masufuria, akapokea wageni, akamshika mama, akamlaza Shamila. Siku ya nne alifungua duka kwa sababu kulikuwa na sare za shule zinazongojwa. Kwenye mkeka hakuketi hata mara moja, na hakuna aliyeliona hilo, hata yeye mwenyewe.

Bi Maua alikuwa akimtazama. Ilikuwa wazi machoni mwake kwamba hamjui.

"Wewe mama," akasema, "mbona umesimama tangu tuingie? Njoo ukae."

Tunu aliweka mwiko chini, akaenda akakaa. Bi Maua alimsogezea nafasi, akamshika mkono, akaugeuza akaona vidole vilivyotobolewa na sindano.

"Uso wako umechoka sana. Umefiwa na nani?"

Tunu akamtazama Shamila, kisha akayatazama mapaja yake. "Na mdogo wangu."

"Aliitwa nani?"

"Issa," Tunu akasema, na jina lile likamshinda. Likatoka na miaka yote tisa nyuma yake. Alilia kwa sauti, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, bila kujali nani anamwona. Bi Maua alimvuta akamlaza begani, akampangusa kwa ncha ya kanga yake, akawa anampigapiga mgongoni taratibu jinsi alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo.

"Lia, mwanangu. Lia yaishe," akamwambia. "Hata mimi ninaye Issa. Kijana mzuri, ana huruma. Akirudi nitamwambia aje akupe pole."

Wanawake wote wakainamisha vichwa. Mdomo wa Tunu ulikuwa ndani ya kanga ya mama yake. Shamila aliliweka sinia pembeni, akasogea mpaka magoti yake yakagusana na ya bibi yake.

"Nitamwambia mimi, bibi," akasema.